Mgodi bila dereva: profesa wa mitambo inayojiendesha anafanya kazi gani hasa?

Kila baada ya muda kuna klipu inarudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Dampa la njano, tairi lake peke yake linamzidi mtu urefu, linashuka kwenye mgodi wa wazi huko Australia, kamera inasogea mpaka kwenye kibini, ndani hamna mtu. Halafu komenti ndo zinaanza. Mmoja anasema hiyo rimoti tu, kuna jamaa kajificha pembeni anaiendesha. Mwingine anasema ni GPS, mbona hata simu yangu inajua nilipo. Wa tatu anawahurumia wanaosoma uhandisi migodi, eti kazi zimeshaisha. Na katikati ya hizo komenti kuna mtu aliuliza swali ambalo watu walilicheka, kwamba hivi kweli kuna profesa kabisa wa kitu hiki, na huyo profesa anafanya nini siku nzima?

Mimi nadhani hilo ndo swali zuri kuliko yote, kwa sababu ukishajua profesa anahangaika na nini, zile komenti zingine zinajijibu zenyewe.

Kwanza tuelewane maneno. Otomesheni ya mgodi ni kufanya mitambo ya mgodi, ya kuchoronga, ya kupakia, ya kubeba, ifanye kazi bila mtu kukaa ndani yake. Sasa hapo kuna hatua tatu na watu wanazichanganya sana. Ya kwanza ni rimoti ya kawaida, opereta amesimama mita kadhaa nyuma, anaiona mashine kwa macho yake na anaiendesha kwa kifaa alichokivaa kifuani. Hii iko migodini miaka mingi, hasa chini ya ardhi, kwa sababu baada ya kulipua unabaki na pango ambalo dari yake haijafungwa nondo wala wavu, mtu haruhusiwi kuingia, lakini mawe yenye dhahabu yako humo humo, so unaituma mashine peke yake. Ya pili ni kuendesha kwa mbali: opereta kakaa ofisini, ana kiti, skrini na kamera, lakini bado ni yeye anayekata kona. Ya tatu ndo kujiendesha kwenyewe, mtu anatoa kazi tu, "nenda kwenye ekskaveta namba fulani, pakia, kamwage kule", mengine yote, usukani, breki, spidi, mashine inaamua. Klipu ya Australia ni hatua ya tatu. Hamna jamaa pembeni. Kuna mtu, ndiyo, ila yuko mji wa Perth, kama kilomita 1,500 kutoka hapo, na anaangalia msururu mzima wa madampa, haendeshi hata moja.

Hatua ya pili ina jina lake kubwa pia, Greg Baiden wa Kanada. Huyu ni mhandisi migodi haswa, alifanya kazi Inco, kampuni ya nikeli ya Sudbury kule Ontario, kabla hajawa profesa wa roboti na otomesheni ya migodi Laurentian University, chuo cha mji huohuo. Miaka ya 1990 Inco walikuwa na wachimbaji waliokaa juu kwenye viti huku loda zao ziko chini kabisa ya ardhi. Kinachosumbua hapo ni mawasiliano zaidi kuliko chuma: mwamba haupitishi mawimbi ya redio, kwa hiyo lazima upitishe mtandao mzima kwenye mahandaki, na picha ikichelewa kidogo tu njiani basi opereta anakata kona ambayo mashine imeshaipita.

Sasa hatua ya tatu. Hapa nitamchukua mtu mmoja nimfuate, Hugh Durrant-Whyte. Kazaliwa Uingereza mwaka 1961, digrii ya kwanza University of London mwaka 1983 kwenye uhandisi wa mitambo na nyuklia, kisha akaenda University of Pennsylvania Marekani, PhD mwaka 1986. Akafundisha Oxford mpaka 1995, halafu akahamia Chuo Kikuu cha Sydney kama profesa wa mekatroniki, yaani mitambo na elektroniki kwa pamoja. Mtaona hapo kwamba hajasomea migodi popote. Hilo ndo la kwanza la kushangaza kuhusu fani hii, kwamba wengi wanaoongoza hawakuanzia mgodini, waliufuata mgodi baadaye kwa sababu mgodi una tatizo wanalolipenda.

Tatizo lenyewe ni hili: mashine itajuaje iko wapi, na itajuaje kama inajidanganya?

Watu wengi wanadhani kazi ngumu ni kuendesha. Hapana. Kukanyaga mafuta na kuzungusha usukani kwa kompyuta ni kazi ndogo kabisa, mafundi waliiweza zamani. Ngumu ni kujua ulipo, maana kila kipimo kinakosea. Gurudumu linaloteleza kwenye tope linahesabu mita ambazo hazijatembewa. Leza inapigwa na vumbi. Dira inavutwa na chuma, na Pilbara, lile eneo la migodi magharibi mwa Australia, ni nchi ya chuma tupu. Kila sensa ni shahidi anayesema ukweli kiasi, na kazi ya profesa kwa miaka yote hiyo ilikuwa kujua shahidi gani aaminiwe kiasi gani.

Tupige hesabu ndogo, msikimbie. Mashine imetembea. Kipimo cha gurudumu kinasema mita 10, lakini tunajua kinaweza kukosea nusu mita. Leza inasema mita 9.6, na hiyo inaweza kukosea sentimita 10 tu. Ukiambiwa utoe jibu moja, wengi watajumlisha wagawe kwa mbili, 9.8. Makosa hayo, kwa sababu umempa mlevi na mzima sauti sawa. Njia sahihi ni kumpa kila mmoja uzito kulingana na makosa yake: chukua kosa, lizidishe lenyewe kwa lenyewe, kisha gawa 1 kwa jibu. Gurudumu: 0.5 mara 0.5 ni 0.25, uzito wake 4. Leza: 0.1 mara 0.1 ni 0.01, uzito wake 100. Sasa jumlisha kwa uzito: 10 mara 4, ongeza 9.6 mara 100, gawa kwa 104. Unapata mita 9.6 na ushee. Na kosa la jibu jipya limeshuka kidogo chini ya sentimita 10, yaani hata yule shahidi mbovu kasaidia japo kiduchu. Hesabu hii ukiirudia mara nyingi kwa sekunde, kila mara ukianzia na jibu lililopita, unapata kitu kinachoitwa kichujio cha Kalman, kimepewa jina la Rudolf Kalman aliyekiandika mwaka 1960. Kilitumika hata kwenye safari za Apollo za kwenda mwezini. Mitambo mingi inayojiendesha leo ina hicho kitu au ndugu yake.

Hapo ni kama una ramani tayari. Je, kama huna? Na mgodi hauna ramani inayodumu, leo unalipua, kesho ukuta umehama.

Fikiria umeme umekatika usiku na uko kwenye nyumba ya ugenini. Unapapasa. Unagusa meza, unahesabu hatua tatu, unagusa fremu ya mlango. Hujui meza iko wapi kwa sababu hujui wewe uko wapi, na hujui wewe uko wapi kwa sababu hujui meza iko wapi. Lakini ukizunguka ukaigusa meza ileile mara ya pili, kuna kitu kinatokea: unajua umerudi, na hapohapo unarekebisha makadirio yako yote, ya meza, ya mlango, ya hatua zako, kwa mpigo mmoja. Hilo tatizo, kuchora ramani na kujitafuta humohumo kwenye ramani unayoichora, ndo linaitwa SLAM. Durrant-Whyte na mwenzake John Leonard ni kati ya walioliweka mezani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanzo wengi waliona halina dawa, maana makosa yanarundikana. Kilichokuja kuonekana ni kwamba makosa ya vitu vyote kwenye ramani yameshikana, yote yanatokana na kupotea kwa mtu mmoja, yaani mashine yenyewe. Kwa hiyo badala ya kuyaogopa hayo mashikamano uyatunze kwenye hesabu, maana ndo yanayokuwezesha kurekebisha kumi kwa kugusa moja. Mwaka 2001 timu ya Sydney, Gamini Dissanayake akiwa mwandishi wa kwanza, walitoa uthibitisho wa kihesabu kwamba kadiri unavyozidi kuangalia, ramani inazidi kukaa sawa, haiharibiki. Wakaonyesha na gari halisi nje, lina rada.

Rada hiyo nayo inahitaji maneno mawili. Mgodini kuna vumbi ambalo dereva mwenyewe analazimika kusimama asubiri litulie. Kamera haioni, leza inaona vumbi na kudhani ni ukuta. Rada ya mawimbi mafupi ya milimita inapita kwenye vumbi na mvua. Kwa mtu wa maabara hilo ni jambo dogo, kwa mtu wa mgodini ndo tofauti ya mashine inayofanya kazi na mashine ya maonyesho.

Chini ya ardhi ndo utamu. Kule setilaiti haifiki kabisa, hata uwe na GPS ya bei gani. Mwaka 1999 Durrant-Whyte na wenzake, Steven Scheding, Dissanayake na Eduardo Nebot, walichapisha jaribio la kuelekeza loda fupi ya chini ya ardhi, zile LHD ambazo maopereta wengi wanaziita boga. Boga lina kituko chake: halikati kona kwa kugeuza matairi ya mbele, linajikunja kiuno, na likiwa limebeba tani za mawe kwenye njia yenye maji matairi yanateleza pembeni, kwa hiyo linaangalia huku na linaelekea kule. Ukiiandikia kompyuta hesabu ya gari la kawaida itagonga ukuta kona ya kwanza. Walichofanya ni kuuingiza huo utelezi kwenye hesabu kama kitu cha kukadiriwa nacho, pamoja na mahali na mwelekeo, wakitumia leza na kifaa cha kupima mzunguko. Tafsiri yake kwa Kiswahili cha gereji: badala ya kukana kwamba linateleza, pima linateleza kiasi gani.

Kundi hilohilo la Sydney lilihusika pia na mitambo ya kubebea makontena bandari ya Brisbane huko Australia, ile inayotembea imetanua miguu juu ya makontena, ikaanza kazi ya biashara mwaka 2005 bila madereva. Naitaja kwa sababu moja tu, kuonyesha kwamba hesabu ni ileile, sura ya chuma ndo inabadilika.

Halafu mwaka 2007 ikafunguliwa Rio Tinto Centre for Mine Automation hapohapo chuo cha Sydney, chini ya Durrant-Whyte. Rio Tinto ni kampuni kubwa ya uchimbaji madini. Mwaka uliofuata Rio Tinto wakatangaza mpango wao wa mgodi wa baadaye na madampa yasiyo na dereva yakaanza majaribio mgodi wa West Angelas, Pilbara. Sasa sikilizeni, hapa watu wanakosea sana: yale madampa siyo ya profesa. Mfumo ule ni wa Komatsu, Wajapani, na mwaka huohuo 2008 Komatsu waliuweka pia mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral kule Chile. Kituo cha Sydney kilishughulika zaidi na vitu ambavyo havipendezi kwenye klipu, kwa mfano mashine za kuchoronga matundu ya baruti zijiendeshe, na kujua mwamba ulioko mbele ni madini au ni kifusi.

Hilo la mwamba mimi naliona kubwa kuliko madampa. Dampa lisilo na dereva likibeba kifusi na kukipeleka kwenye kinu, umeokoa mshahara ukapoteza mzigo. Madini ya chuma hayana mstari mwekundu uliochorwa chini, tabaka zuri linakwisha taratibu linaingia kwenye shale, yaani mwamba wa tope lililoganda, na mpaka wenyewe umepinda. Kumbe mashine inapochoronga inatoa habari bila kuulizwa: inazama haraka kiasi gani, inasukuma kwa nguvu gani, inazungushwa kwa nguvu gani. Mwamba laini na mgumu vinaimba tofauti. Kituo kilichukua habari hizo, pamoja na kamera zinazosoma rangi ambazo jicho halioni, kukadiria mwamba uliopo katikati ya tundu na tundu, na muhimu zaidi, kusema ni wapi makadirio hayo yana mashaka. Ni swali lilelile la boga, limehamia kwenye jiolojia: kipo wapi, na nina uhakika kiasi gani?

Turudi kwa jamaa wa GPS. Kwenye mgodi wa wazi GPS inatumika, tena sana, ila siyo ya simu yako. Ya simu inakosea mita kadhaa, na mita kadhaa pembeni ya barabara ya mgodi ni korongo. Wanachofanya ni kufunga kituo kimoja mahali ambapo panajulikana kwa usahihi, kituo kinaona setilaiti inakosea kiasi gani kwa wakati huo na kinaitangazia mitambo yote irekebishe, hapo unashuka mpaka sentimita. Hata hivyo shimo likiwa refu kuta zinaficha sehemu ya anga, setilaiti zinapungua, so lazima kuwe na sensa nyingine. Na mtandao ukikatika kabisa, dampa linasimama. Halibahatishi.

Wengine wanauliza kwa nini migodi imetangulia kabla ya magari ya barabarani yenye matangazo kila siku. Jibu rahisi mno: mgodini hamna bodaboda. Ni eneo lililofungwa, kila gari linaloingia lina kifaa cha kulitambulisha kwenye mfumo, kila mtu kapewa mafunzo, na hakuna mama anayevuka na ndoo. Rio Tinto wamefika mpaka treni, Julai 2018 treni yao ya kwanza yenye mzigo ilitoka mgodi wa Tom Price mpaka bandari ya Cape Lambert, kilomita 280, bila dereva ndani.

Kazi za watu je? Tusidanganyane, madereva wanapungua. Dampa moja la saa 24 linahitaji madereva wanne hivi kwa zamu, ukilitoa kwenye mikono ya watu hao wanne hawageuki wote kuwa mafundi wa mtandao kwa kuamka asubuhi. Zinakuja kazi nyingine, za chumba cha udhibiti, za sensa, za data, lakini ni chache na mara nyingi ni za watu wengine. Anayesema hakuna atakayepoteza anauza kitu. Ila hesabu ya Pilbara siyo hesabu yetu. Kule joto linapita nyuzi 40, wafanyakazi wanasafirishwa kwa ndege kwenda na kurudi, mishahara ni mikubwa, wanalala na kula kambini kwa gharama ya mgodi. Rio Tinto wenyewe walisema mwaka 2017 kila dampa linalojiendesha lilifanya kazi wastani wa saa 700 zaidi ya lile lenye dereva, na gharama ya kupakia na kubeba ikashuka kama asilimia 15. Kwenye mgodi ambao dereva analipwa sehemu ndogo ya pesa hizo, ile asilimia inabadilika kabisa.

Kwetu hoja yenye nguvu iko chini ya ardhi, na mfano siyo wa mbali. Kibali, mgodi wa dhahabu wa Haut-Uélé kaskazini mashariki mwa Kongo, sehemu ambayo Kiswahili na Lingala vinapishana sokoni, una maboga yanayojiendesha kwenye njia ya chini ya ardhi, opereta yuko juu anasimamia kadhaa kwa pamoja. Faida yake utaielewa ukikumbuka zamu ya mgodi wa chini inavyokwenda: mkishalipua wote mnatoka, mnasubiri moshi na gesi vitolewe na feni, ndo mnarudi. Zamu zinapobadilishana pia kuna muda hakuna mtu. Saa hizo zote zilikuwa zimekufa. Boga halina mapafu, linaendelea kuzoa, na hakuna mtu chini ya dari ambayo haijakaguliwa.

Kwa hiyo yule kijana anayesoma uhandisi migodi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Taita Taveta, au aliyeko Chuo cha Madini Dodoma, hajakosea fani. Ila ile kozi ya takwimu na uwezekano ambayo wengi wanaifaulu kwa kukariri aichukulie kwa uzito, na matriki, na ajifunze kuandika programu kidogo, jiolojia asiiache hata siku moja. Baiden aliingia kwa mlango wa migodi, Durrant-Whyte kwa mlango wa mitambo na hesabu, wakakutana kwenye handaki lilelile.

Na kwa anayetaka kujipima, arudi kwenye mfano wetu wa 10 na 9.6. Ongeza shahidi wa tatu, GPS ya simu, inayosema mita 10.4 lakini inaweza kukosea mita 3. Kosa lake mara lenyewe ni 9, uzito wake 1 kwa 9, yaani 0.11. Jumlisha tena kwa uzito, gawa tena. Jibu linabaki mita 9.6 na ushee, limesogea kama milimita moja.